Sevilla au Granada? Jinsi ya kuchagua mji mmoja kabla hujakata tiketi

Kila likizo ndefu ikikaribia, swali kuhusu miji hii miwili ya Andalusia, kusini mwa Hispania, linarudi. "Nina wiki moja, nataka kuiona Andalusia, niende Sevilla au Granada?" Wa pili anauliza kama Alhambra, ile ngome na majumba ya masultani juu ya kilima cha Granada, ni lazima. Wa tatu keshalipa nauli ya Madrid, ndipo anauliza kama haiwezekani kuipitia miji yote miwili kwa siku tatu. Naandika majibu yote mahali pamoja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: kama huna tiketi ya Alhambra kwa tarehe zako, nenda Sevilla. Kama unayo, na miguu yako inapanda vilima bila kulalamika, nenda Granada. Yaliyobaki ni ufafanuzi wa sentensi hizo mbili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya.
- Majina ya wasafiri wote kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la nyumbani halikusaidii kitu langoni.
- Tarehe, hata kama ni za kukisia.
- Idadi ya usiku. Sisemi siku. Siku ya kufika na siku ya kuondoka huliwa na viwanja vya ndege na foleni, kwa hiyo anayesema ana siku nne mara nyingi ana mbili.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Ijaribu kabla. Kadi nyingi hukataa hadi uwaambie benki wakufungulie.
- Tarehe ya Pasaka ya mwaka huo, hata kama wewe si Mkristo. Sababu utaiona hatua ya pili.

Historia kidogo, ya kukutosha kuchagua

Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711. Sevilla ilitekwa na mfalme Fernando wa Tatu wa Castilla mwaka 1248. Granada ikabaki chini ya masultani wa ukoo wa Nasri hadi tarehe 2 Januari 1492, sultani wa mwisho, Abu Abdallah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alipoukabidhi mji. Kati ya 1248 na 1492 kuna karibu miaka 250, na hapo ndipo miji hii ilipoachana njia. Sevilla ilibadilishwa mapema, kisha ikanenepa kwa meli za Amerika, maana kuanzia 1503 biashara ya Hispania na ng'ambo ya Atlantiki ilisimamiwa kutoka bandari yake ya mtoni. Granada ilibaki mji wa sultani kwa muda mrefu zaidi kuliko mwingine wowote katika rasi hiyo.

Wala usidhani ilikuwa Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Fernando alipoizingira Sevilla, sultani wa Granada alimpelekea wapanda farasi wamsaidie. Siasa ni siasa.

Hatua ya 1: Hesabu usiku ulionao

Usiku mbili au tatu: chagua mji mmoja, na usiibe hata siku moja kwenda mwingine. Kati ya Sevilla na Granada ni saa mbili na nusu hadi tatu kwa treni, na karibu saa tatu kwa basi. Ukienda na kurudi siku hiyo hiyo, umetumia saa sita kukaa kwenye kiti.

Usiku nne: bado mji mmoja, ila Sevilla inaanza kuwa na faida, kwa kuwa Córdoba iko robo tatu ya saa tu kwa treni ya kasi. Unakwenda asubuhi, unaona ule msikiti uliogeuzwa kanisa kuu, unarudi jioni.

Usiku tano na kuendelea: miji yote miwili inawezekana. Lala Sevilla usiku tatu na Granada mbili, na uingilie uwanja mmoja utokee mwingine ukiweza.

Hatua ya 2: Angalia mwezi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anasikia "joto" anacheka. Joto la Sevilla si la pwani. Ni kavu, halina upepo wa bahari, na Julai na Agosti linapita nyuzi 40 bila kuomba radhi. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku barabara zinabaki za watalii tu, wenyeji wamejifungia. Granada nayo huchoma mchana, lakini iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na usiku hupoa ukalala vizuri.

Desemba hadi Februari mambo yanageuka. Sevilla inakuwa ya sweta tu. Granada ina baridi ya kweli, usiku hukaribia sifuri, na milima ya Sierra Nevada inayouangalia mji hufunikwa na theluji. Kama hujawahi kuona theluji na watoto wanaililia, Granada ndiyo hiyo.

Machi hadi Mei, na Oktoba, miji yote ni mizuri. Majira ya kuchipua Sevilla hunukia maua ya michungwa mtaa kwa mtaa. Ile michungwa ya barabarani ni midanzi, usichume ukala, utatema.

Sasa Pasaka. Juma Kuu la Sevilla ni miongoni mwa sherehe kubwa za kidini Ulaya: maandamano mchana na usiku, sanamu nzito zikibebwa shingoni, barabara za katikati hazipitiki. Kama unaifuata hiyo, nenda, na upange malazi mapema mno. Kama huifuati, ikwepe, bei ya chumba hupanda mara kadhaa. Na usishtuke ukiona watu waliovaa kanzu na kofia ndefu zilizochongoka, nyuso zimefunikwa. Ni vazi la toba la vyama vya kanisa, la zamani sana, halihusiani na wale wabaguzi wa Marekani, Ku Klux Klan.

Wiki mbili hivi baada ya Pasaka huja maonyesho ya Aprili, yale ya magauni ya madoadoa na farasi. Wageni wengi huyafuata kisha wakabaki kuzurura nje, kwa sababu mahema karibu yote ni ya watu binafsi na vyama. Bila mwenyeji wa kukualika, utaona turubai.

Hatua ya 3: Tafuta tiketi ya Alhambra kabla ya kitu kingine chochote

Kabla ya ndege. Kabla ya hoteli. Fungua tovuti rasmi ya Alhambra, ingiza tarehe zako, uone kama kuna nafasi ya kuingia Majumba ya Wanasri. Idadi ya wanaoingia kwa siku ina kikomo, na miezi ya msongamano tiketi huisha wiki nyingi kabla.

Jinsi inavyofanya kazi:

a) Chagua tiketi ya jumla ya mchana. Inahusisha ngome ya Alcazaba, bustani za Generalife na Majumba ya Wanasri. Kuna tiketi ya bei nafuu ya bustani na ngome tu. Wengi huinunua kwa kutosoma, wakifika wanaambiwa majumba hayamo. Majumba ndiyo yaliyokupeleka.

b) Chagua saa ya kuingia majumba. Saa hiyo ni amri. Una dirisha la nusu saa, na ukichelewa, majumba yamekupita hata kama uko ndani ya uwanja wa Alhambra. Mahali pengine palipotajwa kwenye tiketi unapata kabla au baada yake.

c) Andika majina na namba za pasipoti bila kosa. Siku yenyewe utaombwa pasipoti zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiiache hotelini.

d) Hifadhi tiketi kwenye simu, na uchapishe nakala moja. Betri huisha.

Bei ni euro 20 hivi kwa mtu mzima. Utaniuliza: ninunue kabla ya viza, na nikinyimwa? Euro 20 zikipotea zinauma, lakini ni afadhali kuliko kufika Granada ukaishia kutazama kuta kutoka mtaa wa pili.

Ukikosa nafasi, jaribu tarehe za jirani. Ukikosa tena, uamuzi umeshafanyika: Sevilla. Huko tiketi za kanisa kuu na za kasri ya Alcázar nazo ni vizuri uzikate mapema mtandaoni, ila haziishi upesi hivyo.

Hatua ya 4: Pima miguu, yako na ya mnaoongozana nao

Sevilla ni tambarare kama meza. Mzee, mama mwenye kigari cha mtoto, mtu mwenye goti bovu, wote wataimudu. Kuna njia za baiskeli na tramu katikati.

Granada ni vilima viwili vinavyotazamana, mto Darro ukipita chini. Alhambra juu ya kimoja, mtaa wa kale wa Albaicín juu ya kingine. Vichochoro vimetandikwa kokoto za mviringo zilizosimamishwa ubavu, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kiatu cha soli laini ndiyo tiketi yako ya hospitali. Vipo vibasi vidogo vyekundu vinavyopanda: C30 kwenda Alhambra, C31 kwenda Albaicín. Vinasaidia sana, lakini havikufikishi kila mahali, na ndani ya Alhambra penyewe utatembea saa tatu au zaidi.

Kama una mzee wa zaidi ya miaka 70, mimi nisingesita: Sevilla.

Hatua ya 5: Jiulize unakwenda kuona nini hasa

Usijibu "historia". Jibu kwa kitu unachoweza kukinyooshea kidole.

Granada ina kitu kimoja kikubwa, na vidogo vingi vinavyokizunguka. Kikubwa ni Majumba ya Wanasri, na ndani yake Ua wa Simba, uliojengwa na Muhammad wa Tano katika nusu ya pili ya karne ya 14. Nguzo nyembamba za marumaru 124, simba 12 wa mawe wamebeba birika mgongoni, maji yakiingia kupitia mifereji minne iliyochongwa sakafuni. Simba wenyewe si wakali, wana sura za mshangao kidogo. Ukingoni mwa birika kumechongwa beti za Ibn Zamrak, mshairi na waziri wa sultani. Halafu angalia kuta. Kila upande, katika plasta iliyochongwa, utakuta "Wala ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kauli ya ukoo ule, imerudiwa hadi macho yanachoka. Aliyesoma chuo cha Kurani utotoni ataweza kuisoma mwenyewe, na hapo ndipo nimeona watu wetu wakisimama muda mrefu kuliko wageni wengine.

Vile vidogo: hamamu ya Bañuelo ya karne ya 11, Corral del Carbón ambayo ilikuwa nyumba ya kulala wafanyabiashara na bidhaa zao, na madrasa ya Yusuf wa Kwanza ya mwaka 1349. Mkabala na madrasa hiyo, hatua chache tu, ni kanisa walimozikwa Isabel na Fernando, wafalme walioitwaa Granada. Wenye mji walikuwa wanajua wanachokifanya walipochagua pale.

Sevilla haina kimoja kinachofunika vingine. Ina mengi, na ndiyo maana haikuvunji moyo. Kanisa kuu la Kigothiki ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, na limejengwa mahali pa msikiti mkuu wa Wamuwahidi, watawala Waislamu waliotoka Morocco. Mnara wa adhana wa msikiti huo, Giralda, ulioanza kujengwa 1184 na kukamilika 1198, ulibakizwa ukawa mnara wa kengele, na sehemu ya juu ikaongezwa karne ya 16. Kuupanda hakuna ngazi, isipokuwa chache mwishoni: ni miteremko 35 inayozunguka, mipana ya kutosha mtu kupanda juu ya mnyama, ili mwadhini asifike juu amekatika pumzi. Ndani ya kanisa hilo kuna kaburi la Christopher Columbus, jeneza limebebwa na sanamu nne za wanaume wa shaba.

Ng'ambo ya uwanja ni Alcázar. Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu watu hupita mbio. Kasri ya Pedro wa Kwanza ilianza kujengwa 1364, na mfalme huyo Mkristo alileta mafundi wa plasta na mbao kutoka Toledo na Granada. Yeye na Muhammad wa Tano walikuwa washirika, na walikuwa wanajenga wakati mmoja. Basi kwenye ukuta wa mbele wa kasri ya Mkristo, juu, kwa vigae vya buluu, imeandikwa kauli ile ile ya Wanasri kwa Kiarabu, imerudiwa mara nyingi. Ndani, maandishi mengine ya Kiarabu yanamwita Pedro sultani. Kwa hiyo aliyekosa Alhambra hajakosa kazi ya mafundi wale. Na kwa macho yangu, vigae vya Alcázar vimetunzwa kuliko vya Granada.

Kuna pia historia ya Waafrika, ambayo waongozaji wengi huiruka. Sevilla ya karne ya 16 ilikuwa na Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru, wengi kutoka Afrika Magharibi. Chama chao cha kanisa, kinachoitwa Los Negritos hadi leo, kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 14 na bado kinaandamana Juma Kuu, ingawa wengi wa wanachama wake siku hizi ni Wahispania weupe. Kanisa lao dogo lipo, uliza. Granada nayo ilikuwa na Juan Latino, mtoto wa utumwani aliyejifunza kwa kubeba vitabu vya bwana wake, akaishia kuwa mwalimu wa Kilatini na kuchapisha mashairi yake mwaka 1573.

Sasa jibu. Kama ulichokinyooshea kidole ni Ua wa Simba, usibadilishwe mawazo na mtu. Kama umenyooshea vitatu au vinne, Sevilla.

Hatua ya 6: Chakula na ibada

Granada ina utaratibu mzuri kwa mwenye mfuko mwembamba: ukiagiza kinywaji, hata maji au soda, baa nyingi hukuletea kisahani cha chakula bila malipo. Tatizo ni kwamba huchagui, na mara nyingi kisahani ni nguruwe. Sema mapema "sin cerdo, por favor", na usione haya kurudia. Nguruwe hujificha pia: salmorejo, ile supu baridi ya nyanya, hunyunyiziwa vipande vya paja la nguruwe juu. Sevilla omba "espinacas con garbanzos", spinachi na dengu zenye bizari ya pilau. Utajisikia nyumbani.

Halali ni rahisi zaidi Granada. Vichochoro vya Calderería, chini ya Albaicín, vimejaa nyumba za chai na mikahawa ya Wamoroko. Juu, kando ya uwanja wa San Nicolás, upo Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003. Una bustani inayoitazama Alhambra upande wa pili, mandhari ile ile ambayo umati unapigania pale uwanjani.

Jikoni hufunguliwa kwa saa zao: chakula cha mchana kati ya saa nane na saa kumi, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukitoka saa kumi na mbili jioni na njaa, utakuta viti vimepinduliwa. Nunua matunda mchana.

Hatua ya 7: Njia ya kufika

Kutoka Afrika Mashariki wengi hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul hadi Madrid. Kutoka Madrid, treni ya kasi hufika Sevilla kwa saa mbili na nusu hivi, na ziko nyingi kwa siku. Granada ni zaidi ya saa tatu, na treni ni chache. Ukipata ndege ya kutua Málaga, Granada inakuwa karibu: basi la saa moja na nusu hadi mbili.

Tiketi za treni hupanda bei kadiri siku inavyokaribia. Usikate treni inayoondoka saa moja baada ya ndege kutua. Mpakani siku hizi wageni wa nje ya Ulaya huchukuliwa alama za vidole na picha, foleni ni ndefu, kisha bado una safari kutoka uwanjani hadi stesheni ya Atocha, ambako mizigo hukaguliwa na lango hufungwa kabla ya treni kung'oka. Weka saa nne.

Hatua ya 8: Kata shauri, kisha omba viza

Utaratibu huu si wa kupendeza tu. Maombi ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanataka ratiba na mahali pa kulala, kwa hiyo mji lazima uwe umechaguliwa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau. Weka malazi yanayoweza kufutwa bure. Ratiba uliyoandika, hoteli ulizoweka na maneno utakayosema vikubaliane. Anayeandika Sevilla kwenye fomu na kuweka hoteli Granada anajitafutia maswali.

Ukitaka kuongeza Paris au Lisbon, kumbuka viza huombwa kwa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi.

Makosa yanayojirudia

- Kufikia lango la Alhambra dakika tano kabla ya saa ya majumba. Kutoka lango kuu la upande wa Generalife hadi mlango wa majumba ni mwendo wa robo saa.
- Kununua tiketi za Alhambra kwa mtu barabarani. Zina majina, hazikufai.
- Kupokea kijitawi cha rozimari. Karibu na makanisa makuu ya miji yote miwili, wanawake hukupa tawi "zawadi", hushika kiganja wakutabirie, kisha hudai pesa kwa sauti. Mikono mfukoni, pita.
- Kusahau adapta. Soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo, chaja yako ya miguu mitatu haiingii.
- Kulala nje kabisa ya mji kwa kuokoa euro 15, kisha kuzimaliza kwa teksi.
- Kwenda Albaicín na sanduku la magurudumu. Kama malazi yako ni huko juu, chukua begi la mgongoni au uliza teksi inaishia wapi.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi ya Alhambra imekosekana na ndege imeshalipwa ya Granada.* Fungua tovuti rasmi kila asubuhi na usiku, nafasi zilizorudishwa huonekana. Tafuta pia ziara ya usiku ya majumba, inauzwa peke yake. Ikishindikana, panda tu: Lango la Haki na kasri ya Charles wa Tano huingiwa bila tiketi, na ndani ya kasri hiyo kuna makumbusho ya Alhambra, bure. Tena una mwenzako. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada karibu mwaka 1350, na sultani alikuwa mgonjwa, hakupata kumwona. Mama yake sultani alimtumia dinari za dhahabu. Wewe utajinunulia chai Calderería.

*Umechelewa saa ya majumba.* Nenda kwa mhudumu wa mlangoni na pasipoti, eleza kwa upole. Hana wajibu wa kukuingiza. Akikataa, tumia muda uliobaki Generalife na Alcazaba.

*Joto la Sevilla limekushinda.* Toka saa moja asubuhi, rudi ndani saa saba, toka tena saa mbili usiku. Kanisa kuu ni baridi ndani, lipange mchana. Bustani za Alcázar zina kivuli.

*Viza imechelewa na tarehe inakaribia.* Kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu hadi 45. Usibadili mji ndani ya maombi yaliyoshawasilishwa. Sogeza tarehe ya ndege kama tiketi yako inakubali.

*Umefika Córdoba unataka kuswali ndani ya msikiti wa kale.* Hairuhusiwi, na walinzi husimamisha mtu mara moja. Tazama nguzo, kisha uswali kwingine.

*Mmoja anataka Sevilla, mwingine Granada, na usiku ni tatu.* Angalieni tovuti ya Alhambra pamoja. Tiketi ikiwepo kwa tarehe zenu, aliyetaka Granada ameshinda, kwa sababu nafasi hiyo ni ngumu kuipata tena kuliko ya Alcázar. Isipokuwepo, hakuna cha kugombania.